Ngozi ya Mtoto Wako ni Mali ya Kijiji

Mwongozo kwa mzazi mgeni Kasulo

Umehamia kata ya Kasulo na mtoto wa miezi minane. Mashavu yake makavu yana magamba, na usiku anajikuna mpaka shuka linabaki na alama za damu. Karibu sana. Usihangaike kuuliza daktari wa ngozi anapatikana wapi. Hujamaliza kushusha vyombo kwenye gari, utakuwa umeshapata kadhaa, na hakuna hata mmoja atakayekudai senti.

Ushauri ni kitu ambacho kata hii haijawahi kupungukiwa. Iko kwenye barabara kuu ya malori yaendayo Rusumo, mpakani na Rwanda, na eneo lake la Benako ndilo lililowapokea wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao robo milioni waliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi. Wahangaza na Washubi walikuwepo tangu zamani. Wakaja Waha, Wasukuma, Wahaya, madereva, wauza mitumba. Kila mmoja alikuja na bibi yake, na kila bibi alikuja na mti wake.

Utaanza kwa kupimiwa mtoto. Jirani wa kwanza atasema ni upele. Wa pili atasema fangasi. Wa tatu atakumbuka kwamba ulikula pilipili ukiwa na mimba yake. Wa nne atashusha sauti na kuuliza habari za wakwe zako. Usibishane na yeyote, ila mtoto mwangalie mwenyewe. Huenda ni pumu ya ngozi, ambayo kwa mtoto mchanga hupenda mashavu, paji la uso na upande wa nje wa mikono na miguu. Akishavuka mwaka au miwili, huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Pale nepi inapofunika, mara nyingi panasalimika. Na usisubiri wekundu ule unaouona kwenye picha za watoto wa Kizungu. Kwenye ngozi yetu utaona weusi uliozidi, au rangi ya kijivujivu, na vipele vidogo vinavyokwaruza kiganja. Ukisikia kwamba baba yake ana pumu ya kifua, au shangazi hupiga chafya kila maua yakichanua, umepata ushahidi mwingine.

Lakini kama baba, mama na dada wa kazi nao wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, basi jirani wa kwanza amepatia. Huo ni upele, unaambukiza, na nyumba nzima inahitaji dawa kwa pamoja. Mpe heshima yake.

Pumu ya ngozi yenyewe haiambukizi, waache wambebe. Ngozi ya mtoto huyu ni ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa kwa udongo haba: unyevu wa ndani unatoka, vumbi na vijidudu vya nje vinaingia. Kwa baadhi ya watoto ni jambo la kurithi. Kwa sababu ya udhaifu wa ukuta huo, mwezi wa saba, upepo ukiwa mkavu na vumbi jekundu la barabarani likipanda, hali huwa mbaya zaidi. Na ndiyo maana anayekuahidi kuing'oa kabisa anakudanganya. Inatulizwa, inarudi, inatulizwa tena, na watoto wengi hupata nafuu kubwa kadiri wanavyokua.

Sasa tuje kwenye dawa. Ukitaka kufuata desturi sawasawa, tumia zote kwa siku moja. Asubuhi mwogeshe maji ya mwarobaini, saa nne mpake alovera, mchana limau, jioni samli, na usiku kitunguu saumu kilichotwangwa. Kwa utaratibu huo, mtoto akizidiwa hutajua kipi kimemdhuru, na akipata nafuu kila bibi atadai sifa yake. Amani ya kijiji itadumu. Ngozi ya mtoto ni suala jingine.

Mwarobaini uliochemshwa ukawa mwepesi hauna ugomvi mkubwa, ila ile supu nzito ya kijani ikitumika kila siku hukausha ngozi ambayo tayari imekauka. Mafuta ya mwarobaini usimnyweshe kamwe. Kwa mtoto mdogo ni sumu. Mubilizi, ule mti wenye majani machungu, mwachie bibi anywe mwenyewe. Alovera humpoza mmoja na kumuwasha mwingine. Limau likipakwa kisha mtoto akatolewa juani huacha malengelenge na madoa meusi ya wiki nyingi, na kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi huunguza kweli, wala hakihitaji moto. Magadi na majivu sitayajadili.

Samli inahitaji maneno zaidi, kwa sababu inapendwa na inanukia vizuri. Mwili unapokutana na chakula kwa mara ya kwanza kupitia ngozi iliyopasuka, badala ya tumboni, unaweza kukiandikisha kuwa ni adui. Mwaka 2003 Gideon Lack na wenzake, huko Uingereza, walionyesha kwamba watoto waliopakwa mafuta yenye karanga kwenye ngozi yenye vipele walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mzio wa karanga. Samli ina mabaki ya maziwa. Iache kwenye wali. Kwa hoja hiyohiyo, usikubali mtoto anyimwe mayai, maziwa na dagaa kwa sababu tu ana vipele. Kama hajawahi kudhurika baada ya kula kitu fulani, ale. Mtoto aliyedhoofu kwa njaa bado atajikuna.

Kuna pia mafuta ya upako. Hayo ni ya zeituni, na zeituni ina asidi ya oleiki kwa wingi, ambayo huzidi kuulegeza ukuta uliokwisha kulegea. Mchungaji ampake kidogo kwenye paji la uso, imani ikae hapo. Mwili mzima usimpake. Alizeti ina nafuu kuliko zeituni. Mafuta ya nazi yasiyo na manukato yalijaribiwa kwa watoto huko Ufilipino yakafanya vizuri, ila kutoka pwani mpaka Kasulo chupa hupita mikono mingi, na kila mkono unaweza kuiongezea kitu.

Kinachobaki hakina bibi wa kukitetea: mafuta ya mgando. Yanatokana na mafuta ghafi ya petroli, na Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872. Hakuna jani ndani yake wala mzizi. Ndiyo sababu yanafaa: yanakaa juu ya ngozi, yanazuia maji yasitoke, na hayana cha kumwasha mtoto, mradi ununue yasiyo na harufu wala rangi. Lile kopo la rangi ya waridi lenye picha ya mtoto anayecheka na harufu ya pipi liache dukani.

Sabuni ndiyo hupita bila kukaguliwa. Ngozi ina asidi kidogo, pH ya karibu 5. Sabuni ya mche unayofulia nepi iko kwenye 9 au 10. Watu wanaikwepa krimu ya hidrokotisoni ya hospitali kama nyoka, kisha wanamsugua mtoto kwa sabuni ya mche na dodoki mpaka ang'ae. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni laini mahali penye uchafu tu. Mfute kwa kumgusagusa na taulo, halafu mpake mafuta ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia kabla ya kulala. Paka kwa wingi: miongozo ya Uingereza huzungumzia gramu 250 au zaidi kwa wiki kwa mtoto mwenye hali hii. Kama kikopo cha gramu 50 kinakufikisha mwisho wa mwezi, mtoto hajapakwa, ameonyeshwa tu. Mkate kucha. Sweta la sufi lisiguse ngozi yake. Mtangulizie fulana ya pamba. Moshi wa jikoni haumsaidii.

Sasa jihadhari hasa siku ya mnada. Kutakuwa na kijana mwenye kipaza sauti na kopo lisilo na lebo: mizizi, majani, asilia mia kwa mia, siku tatu tu. Utanunua, na litafanya kazi. Siku ya tatu mashavu yatakuwa laini kama hayajawahi kuugua, nawe utamsifia kijana kwa wenzako. Ukiacha kupaka, vipele vitarudi kwa hasira kuliko mwanzo, utanunua jingine. Baada ya miezi ngozi itakuwa nyembamba na kupauka, na dawa iliyofichwa ndani ya kopo ikishaingia mwilini kwa wingi uso huvimba na ukuaji hudumaa. Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham walichapisha matokeo ya kupima krimu 24 za "mitishamba" ambazo wazazi waliwapaka watoto wenye pumu ya ngozi. Krimu 20 zilikuwa na dawa za steroidi, baadhi yake klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa kali kuliko zote. Kama haya yalitokea kwenye jiji lenye maabara, usitegemee mnada kuwa mwaminifu zaidi. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu 2002 na Baraza linalosajili. Muulize kijana namba ya usajili. Akikujibu kwamba asili haina namba, umeshapata jibu.

Hapo ndipo kichekesho kilipo: hidrokotisoni ya asilimia 1, inayopakwa kwa wembamba kwa siku chache kama mganga wa hospitali alivyoelekeza, inakataliwa kwa sababu "ni steroidi", huku steroidi kali mara nyingi zaidi ikipakwa kwa furaha kwa kuwa kopo lake halijaandikwa kitu.

Kuhusu bibi jirani: usimwambie hapana. Pokea majani kwa mikono miwili, sema "Shikamoo, asante sana bibi," yachemshe jikoni harufu isikike mpaka kwake, kisha mwaga. Atafurahi, na kesho atakuletea ndizi.

Ukiona vidonda vinatoa maji au kufanya ukoko wa njano, homa inapanda, au malengelenge madogo yamejikusanya pamoja ghafla, hayo si ya bibi wala ya mgando. Nenda siku hiyohiyo, hospitali ya Nyamiaga au ya Murgwanza, popote unapofika haraka. Na tafadhali, unapokwenda, beba makopo yote uliyowahi kumpaka, hata lile la mnada unaloona aibu kulionyesha. Daktari hawezi kukisia kilichomo, na wewe pia huwezi.