Kijana wa Kanisa Lafey: Jaribio la Kumwainisha

Miongozo ya huduma ya vijana kanisani hukubaliana juu ya jambo moja: kwamba vijana wapo. Mengine yote, kuanzia michezo ya kufahamiana hadi kambi ya Agosti, yamejengwa juu ya msingi huo, wala hakuna mwandishi wa miongozo aliyeona haja ya kuuthibitisha. Utafiti huu unaanzia hapo walipopita mbio. Uwanja wake ni Lafey, kaunti ndogo ya Mandera inayopakana na Somalia, yenye wadi tano, Fino na Warankara zikiwemo, na ambayo wakazi wake karibu wote ni Wasomali na Waislamu. Mkristo wa Lafey kwa kawaida amefika na barua ya kazi mkononi. Ni mwalimu, muuguzi, askari, karani au fundi wa mnara wa simu. Hakuzaliwa hapa, hatarajii kuzikwa hapa, na ukimwuliza kwao ni wapi atakutajia mahali ambapo mahindi huota bila kubembelezwa.

Tuanze na umri, kwa kuwa wataalamu huanza na umri. Umoja wa Mataifa humhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 24. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 260, inampa kuanzia 18 mpaka kabla hajatimiza 35. Sinodi ya maaskofu Wakatoliki iliyokutana Roma Oktoba 2018 ilishughulika na walio kati ya 16 na 29. Kanisa la kawaida la Kenya halina habari na vipimo hivi: kijana ni yeyote ambaye hajaoa, hajaolewa, wala hajakabidhiwa daftari la mweka hazina. Lafey vipimo vyote vinne hukwama, maana ukiwachekecha waumini kwa umri unabaki na kusanyiko lilelile. Ofisi za Nairobi haziwapeleki mpakani wanaokaribia kustaafu. Wanaoripoti ni walioajiriwa juzi, ambao wino wa cheti haujakauka, na matokeo yake kanisa zima ni kikundi cha vijana, mzee wa kanisa akiwemo.

Kigezo kinachofanya kazi ni uhamisho, na kwa kigezo hicho spishi kuu ni tatu. Ya kwanza ni Kijana Mwombaji, aliyejaza fomu ya kutaka kurudishwa karibu na kwao. Huyu ndiye nguzo ya huduma. Hakosi ibada, hufunga na kuomba, huongoza sifa, na akitoa ushuhuda hutaja subira ya Ibrahimu kwa uchungu wa mtu aliyeihesabu kwa mihula. Ya pili ni Kijana Msahaulifu, ambaye fomu yake ilijazwa zamani kiasi kwamba haulizi tena. Ameshajifunza Kisomali cha sokoni na hunywa chai ya maziwa ya ngamia bila kukunja uso. Ni nadra, na mlezi wa vijana mwenye busara humtunza kama kitabu kilichoacha kuchapishwa. Ya tatu ni Kijana Mpataji, ambaye uhamisho wake umekubaliwa. Dalili zake za kwanza huonekana nje ya kanisa: mtungi wa gesi unauzwa. Godoro, jiko na mtungi hurithiwa na mgeni anayefuata, na mara nyingi uenyekiti wa vijana huingizwa kwenye bei hiyohiyo.

Ipo na spishi ya nne, ambayo kigezo chetu hakikuitarajia. Makanisa ya Mandera na Garissa huabudu chini ya ulinzi wa polisi, na anayelinda naye ni kijana, mara nyingi ni Mkristo, mara nyingi alikuwa mwanakwaya kwao. Tunamwita Msikilizaji wa Dirishani. Mahubiri yote anayasikia, mgongo ukiwa umeelekea mhubiri na macho yakiwa barabarani. Hapigi makofi kwa kuwa mikono ina kazi. Katika daftari la mahudhurio hayumo, kwa hoja kwamba hakuingia. Katika daftari la kituo cha polisi imeandikwa alikuwa kazini, kwa hoja kwamba hakuabudu. Huduma ya vijana popote pengine duniani husumbuliwa na kijana aliyemo ndani ilhali moyo wake uko nje. Lafey imezalisha kinyume chake, na hakuna mwongozo wenye sura juu yake.

Kuhusu madhehebu hatuna la kusema sana. Mjini, kanisa hugawanyika kwa sababu ya kinanda. Huku Mkatoliki, Mwanglikana, wa AIC na wa Pentekoste huketi pamoja kwa kuwa viti ni vichache kuliko mafundisho ya imani. Msabato peke yake ndiye tatizo la kinadharia, naye hulitatua kwa kuabudu Jumamosi na kuja tena Jumapili kunywa chai.

Twende kwenye shughuli. Vitabu huzipanga kwa malengo: kuabudu, kufundisha, kushirikiana, kutumika. Sisi tumeona afadhali kuzipanga kwa kile zinachokula. Zipo zinazokula usiku, zinazokula barabara, zinazokula kelele, na zinazokula mwaka ujao.

Wala-usiku ni kesha, moto wa kambi na sinema ya uwanjani. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali iliweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Mandera imeonja kafyu nyingine kabla na baada ya hapo. Kesha linalofanyika mchana limejaribiwa na wanadharia. Ni ibada ya kawaida iliyochelewa kwisha.

Wala-barabara ni makongamano na ziara. Dayosisi Katoliki ya Garissa, iliyoundwa mwaka 1984, inazishika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera pamoja na Tana River, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Kongamano la vijana wa dayosisi, ambalo kwa kijana wa Nyeri ni nauli ya matatu na vitafunio vya njiani, kwa wa Lafey ni barabara ya mpakani inayotegwa vilipuzi. Mlezi wa kwingine huuliza basi litagharimu shilingi ngapi. Wa huku huuliza kama kuna msafara wa polisi unaoelekea huko, na kama una nafasi ya kinanda.

Wala-kelele ni krusedi, vipaza sauti na uinjilisti wa nyumba kwa nyumba. Ibara ya 32 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kuitangaza dini yake. Haikutaja spika ziwe za ukubwa gani, na mgeni mwenye adabu hangoji kuandikiwa. Wimbo huimbwa, lakini huimbwa kwa sauti inayoishia ukutani.

Mlafi kuliko wote ni mla-mwaka-ujao. Humu mna mafundisho ya kipaimara, uanafunzi wa hatua tatu, kwaya inayorekodi, na ule mpango mkakati wa miaka mitano ambao makao makuu huupenda kama mboni ya jicho. Kila kimoja hudhani kwamba mtu aliyeanza ndiye atakayemaliza. Mlezi wa Lafey akisema “tutaendelea muhula ujao”, wasikilizaji hutazamana, na Mpataji huangalia viatu vyake.

Ukiondoa usiku, barabara, kelele na mwaka ujao, kinabaki nini? Kinabaki kikao cha alasiri katika nyumba za watumishi. Sura moja ya Biblia husomwa kwa zamu. Mwalimu mpya huulizwa kama amelala. Afande mwenye malaria huulizwa kama amemeza dawa, na muuguzi, ambaye kila mtu humwita daktari, huhakikisha kwa macho. Mtu hulia kidogo kwa sababu mtoto wake alianza kutembea akiwa Bungoma na yeye aliona kwenye simu, siku ambayo mnara ulikuwa mzima. Minara ya kaunti hii imelipuliwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo hata huduma kwa njia ya WhatsApp hupangwa kwa kumcha Mungu. Mwongozo huyaweka haya yote chini ya kichwa “kabla ya kipindi kuanza”.

Hapo ndipo historia inapomgeuka mwandishi wa mwongozo. Tarehe 6 Juni 1844, London, kijana wa miaka 22 aitwaye George Williams, mfanyakazi wa duka la vitambaa aliyetoka mashambani Somerset, aliwakusanya wenzake katika chumba cha kulala juu ya duka. Wote walikuwa vijana walioacha kwao kufuata kazi, wanaolala kwa mwajiri. Walisoma, wakaomba, wakajuliana hali. Kutokana na chumba hicho ikazaliwa YMCA. Agosti 2023, kwenye Siku ya Vijana Duniani, misa ya kufunga huko Lisbon ilikadiriwa kuhudhuriwa na watu milioni 1.5. Mwanazuoni mvivu atasema Lafey ni Lisbon iliyopungukiwa. Sisi tunashikilia kwamba Lisbon ni chumba cha Williams kilichonenepa, na kwamba Lafey, kwa kukosa chakula, imebaki na umbo la asili.

Kalenda nayo imepinduka. Kote nchini likizo za Aprili, Agosti na Desemba ndizo mavuno ya mlezi wa vijana: shule zimefungwa, vijana wamerudi, kambi zimejaa. Lafey shule zikifungwa kanisa huhama. Walimu hupanda basi, na huduma hulala hadi kengele ya muhula. Mfungo pia una utaratibu wake. Ramadhani ikiingia hoteli hufungwa mchana, na Mkristo aliyezoea kununua chai na anjera hujikuta akifunga bila nia. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na Wakatoliki wa kaskazini wakapata Kwaresima iliyosimamiwa vizuri kuliko ya Nairobi.

Kwenye safari hiyo ya likizo mzaha wa utafiti huu unapwaya. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatenganishwa kwa dini, na watu 28 wakauawa. Wengi walikuwa walimu wanaokwenda nyumbani. Mwanzo wa mwaka uliofuata wenzao walipiga kambi makao makuu ya TSC, tume inayowaajiri walimu, wakikataa kurudi. Aprili 2, 2015, siku ya Alhamisi Kuu, waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa waliua watu 148, na miongoni mwa waliowakuta mwanzo ni wanafunzi Wakristo waliokuwa kwenye sala ya alfajiri. Kikundi cha sala ya alfajiri, katika mwongozo wowote, huwekwa kwenye safu ya shughuli rahisi zisizohitaji bajeti.

Pamoja na hayo, uainishaji wetu una pengo, na pengo lenyewe ni jirani. Kijana Mwislamu wa Kaskazini Mashariki si mshiriki wa kikundi na, kwa mujibu wa adabu tuliyoitaja, halengwi. Hata hivyo, baada ya makanisa mawili ya mji wa Garissa kushambuliwa Julai 1, 2012, viongozi wa Kiislamu walikubaliana kuwaweka vijana wao kuyalinda makanisa. Tukizipanga shughuli zote za vijana zilizowahi kubuniwa kwa ajili ya kanisa katika eneo hili kwa kipimo cha manufaa, ya kwanza ilipangwa na watu wa msikitini, na haikuwa na fulana wala kaulimbiu. Halafu Desemba 21, 2015, kati ya El Wak na Mandera, basi jingine lilisimamishwa. Abiria Waislamu waliwavisha Wakristo hijabu zao na kukataa kutengana nao, wakisema wauawe wote au waachwe wote. Mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu huko Mandera, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, “Watu Wote”, iliyowania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Tulijaribu kumpangia jirani huyu safu: mlezi, mfadhili, mgeni mwalikwa, mshirika wa maendeleo. Fomu ya ripoti ya makao makuu ya kanisa haina nyingine, na hakuna inayomtosha.

Fomu hiyo hudaiwa kila Desemba, wakati mlezi yuko njiani. Tumeona namna inavyojazwa na wazoefu. Penye “shughuli zilizofanyika” huandikwa: kikao cha alasiri, mara kwa mara. Penye “changamoto” huandikwa: zinajulikana. Penye “wageni waliosaidia” nafasi ni ya mstari mmoja, na majina ya mtaani, ya mwenye duka, ya kijana anayeleta maji kwa punda, ya mzee aliyepita jioni kusema kesho msiende njia ya Fino, huendelea pembezoni hadi nyuma ya karatasi. Penye “idadi ya vijana inayotarajiwa mwakani”, jibu ni moja kila mwaka: waulizwe TSC.