Nikisema Ndiyo, Laptopu Inasikia Hapana

Yote yaliletwa na harusi ya shemeji. Video ilikuja kwa flashi, na mke wangu anataka kuona alivyocheza buraanbur. Laptopu yangu ni mtumba. Mpwa wangu wa chuo aliing'oa Windows akaweka Ubuntu. "Abti, hii ni ya bure." Mimi nikisikia bure masikio husimama. Akaniambia jina lenyewe ni utu, kwa Kizulu, na aliyeianzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda angani 2002. Nikasema, mtu kafika angani, mimi nishindwe na video ya harusi?

Nimeshindwa.

Sasa sikiliza. Hapa Garissa, soko la mifugo, ngamia unampata kupitia dalali. Linux, ukoo wa Ubuntu, nayo ni hivyo hivyo. Huokoti programu mtandaoni ovyo, unamtuma dalali akuletee kutoka ghalani. Wa Ubuntu anaitwa apt, karithiwa kutoka kwa Debian, mzee wa 1993. Mpwa akaniandikia kwa karatasi namna ya kumwagiza VLC, programu ya kuchezea video: sudo apt install vlc. Nikaikariri kama dua ya safari.

Saa nane mchana. Feni inazungusha joto tu. Naandika dua yangu, mashine inaitisha paswadi. Nabonyeza, hakuna kitu. Nabonyeza kwa nguvu, hakuna kitu. Nikaikumbatia laptopu hadi kwa fundi, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikamwambia kibodi imekufa. Fundi akacheka, kisha akawaita wauza miraa waje wamsaidie kucheka. Kumbe paswadi ilikuwa inaingia, ila haionyeshi hata nyota moja. Akanitoza mia mbili. Za nini, walahi sijui mpaka leo.

Nikarudi. Dalali akaanza kunihesabia: VLC haiji peke yake, ina jamaa zake. Umetaka ngamia mmoja, unaletewa kamba, ndama, mchungaji, na mama mkwe wa mchungaji. Mwisho akauliza kama tuendelee: [Y/n]. Mimi mtu wa adabu, nikaandika Ndiyo. Akajibu: Abort. Pengine hakusikia. Nikarudia dua, nikaandika NDIYO kwa herufi kubwa. Abort. Nikairudia tena, nikaandika ndiyo tafadhali. Abort! Nikampigia mpwa.

"Abti, inataka y."

"Si nimekubali mara tatu?"

"Inangoja y tu. Ndiyo yako inaanza na n."

Jina ni utu, Kiswahili haijui. Haya.

Nikarudia dua, nikaandika y. Lakini kwenye simu ile ile mpwa alikuwa ameniagiza nianze na apt upgrade, na mimi nilikuwa nimetii. Ilikuwa imekunywa bando karibu lote. VLC ikafika nusu ya njia, intaneti ikakata.

Ungedhani nimejifunza. Kesho yake napita kwa mama jirani mwenye duka la fotokopi, namsikia analia na programu ya picha. Yake pia ni Linux. Nikamwambia sogea, mtaalamu amefika. Nikaandika dua, nikabadilisha jina tu, nikapiga enta kwa kishindo. Command not found. Wateja watatu wananiangalia.

"Walaal," akasema polepole, "hii ni Fedora. Hapa ni dnf."

Kumbe kila nyumba ina dalali wake! Fedora ni dnf, aliyempokonya yum kazi 2015. openSUSE ni zypper. Arch ni pacman. Programu ni ile ile, ghala tofauti, salamu tofauti. Nikauliza kama huyo pacman ndiye wa gemu ya kula vidoti. Wateja wakawa watano. Mama jirani akaandika mstari wake mmoja, programu ikaingia, akaendelea kutoa fotokopi.

Mke wangu jioni hii amechukua flashi. Amekwenda kuangalia buraanbur yake kwa Fedora. Mimi nimeachiwa watoto na anjera baridi.