Kiinua Mgongo Ziwani

Sheria inamruhusu mtumishi wa umma kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kumtoa kwa lazima akifika 60. Sisi wa Mwanza tumeongeza kipengele chetu: ukishakabidhi ofisi, unageuka mtaalamu wa samaki. Mtu kagonga mihuri maisha yake yote, sato anamjua akiwa sahanini tu, leo anakueleza uzito wa kifaranga na bei ya chakula kinachoelea. Kavaa gambuti mpya, lebo bado inaning'inia.

Kikokotoo cha mafao kilipolegezwa mwaka 2024, malipo ya mkupuo yakapanda kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa baadhi ya wastaafu, na wapwa nao wakaongezeka. "Shikamoo mjomba," na kabla hajaitikia marahaba, andiko la mradi wa vizimba vya samaki liko mapajani.

Sasa kizimba kiko ziwani, mwenyewe yuko sebuleni Buswelu, na kijana wa ulinzi ndiye mwenye taarifa.

"Mzee, leo wamekufa."

"Wangapi?"

"Wa kutosha."

Ajabu ni kwamba marehemu hao hawaachi hata mifupa.

Mkewe naye kapita hamsini. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, tangu watoto wanasoma chekechea, na hakuna aliyemwalika kwenye semina ya kuanza maisha mapya. Juzi mzee kamfuata kwa upole kuomba mkopo wa chakula cha samaki. Mama akamwambia alete wadhamini wawili na barua ya mtendaji wa mtaa.