Kidiaba wa Katuba

Nina miaka 52, watoto wanne na deni dukani, lakini kila Jumanne na Ijumaa kijana anayelingana na mwanangu wa kwanza anakuja hapa Katuba, Lubumbashi, kunifundisha kusimama. Si kusimama imara katika imani, hapana. Kusimama kutoka kitini.

"Papa, rudisha miguu nyuma. Pua ipite magoti. Haya, inuka!"

Pua ipite magoti! Nimeinuka kwenye viti tangu enzi za Mobutu na pua haikuwahi kuombwa ruhusa. Leo nisipoitanguliza, narudi kitini puu, kama gunia la makala.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sklerozi an plaki. Mfaransa Charcot aliueleza tangu mwaka 1868, na bado hauna dawa ya kuumaliza. Daktari alinifafanulia hivi: mishipa ya fahamu ni waya zenye ganda, na askari wa mwili, badala ya kukamata wezi, wanalitafuna ganda hilo. Nikaelewa papo hapo. Nani Lubumbashi hajaona vijana wakichoma waya, plastiki iteketee, wauze shaba? Basi mimi nimebaki na shaba tupu, tena bila mnunuzi.

Halafu uje mwezi wa Oktoba. Joto likipanda, waya zinagoma. Daktari Mjerumani, Uhthoff, aliandika juu ya kugoma huko mwaka 1890: wagonjwa wake walifanya mazoezi, mwili ukapata joto, macho yakafifia. Mimi sikuhitaji kitabu. Nilikuwa njiani kununua mkate, guu la kushoto likaanza kuburuta ncha ya kiatu, nikayumba, nikakumbatia nguzo. Mama muuza maandazi akanitazama kwa huruma:

"Papa, lutuku ya leo iko na nguvu, ee?"

Nilikuwa nimekunywa chai. Afadhali ingekuwa lutuku, maana pombe hiyo kesho yake inaisha. Siku hizi natoka na kitambaa kibichi shingoni. Sasa wanasema nimelewa na nimetoka kuoga.

Kine wangu, yule kijana wa mazoezi, hana huruma ya namna hiyo. Anasema ubongo unaweza kutafuta njia ya pembeni, kama manseba anayekwepa foleni na pikipiki yake, lakini njia hiyo inafunguka kwa kurudia. Kurudia, kupumzika kabla ya kuchoka, kurudia. Nimerudia hadi kiti kinanijua.

Ijumaa iliyopita akatandika mkeka.

"Papa, leo tunajifunza kutoka chini."

Nikamwambia kwenda chini nina shahada. Akasema ndiyo maana. Hatua ni tano: tembea kwa makalio hadi penye kiti kizito, geukia kiti, piga magoti, weka mguu wenye nguvu mbele, jisukume kwa mikono.

Kwa makalio! Mzee wa kanisa mzima! Nikaanza, tako la kulia, tako la kushoto. Mara dirishani kukalipuka:

"Kidiaba! Kidiaba!"

Watoto wa mtaa wote. Hawakuwa wamezaliwa mwaka 2010, kipa wetu Robert Kidiaba aliporukaruka kwa makalio kule Abu Dhabi, TP Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Lakini Kidiaba katika mji huu ni katekisimu; mtoto anaikuta nyumbani.

Nilitaka kuwafukuza. Tatizo, ili kumfukuza mtu lazima kwanza usimame, na kusimama kuna hatua tano. Nikageuka. Nikapiga magoti. Wao wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mguu mbele, "ine!" Nikajisukuma, jasho linanitiririka, "tano!"

Nikasimama wima, fimbo juu, tayari kutoa karipio.

"Papa, rudia!" wakapiga kelele.

Nikamgeukia kine anitetee. Anakunja mkeka? Wapi! Anaunyoosha.

"Wamesema kweli, Papa. Bado mara tatu."