Hotuba Adhimu Juu ya Kupoa kwa Chuma

Wazee wangu wa Ringwani, akina mama mlioacha mihogo juani, nanyi vijana mliokuja kwa kudhani kwamba leo pana mnada: nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao mtu wa elimu yangu halazimiki kuwa nao. Mimi, niliyemiliki redio kaseti ya spika mbili tangu ujana wangu, na ambaye kutoka hapa hadi Mugumu hakuna aliyepata kunishinda katika fani ya muziki wa chuma kizito (wala hakuna aliyepata kujaribu), nimejiteua mwenyewe, baada ya kujisaili kwa ukali na kujiona nastahili, nikubainishieni msiba wa santuri iitwayo Hot Space, ya kumi katika umri wa kundi la Queen, iliyotoka mwezi wa Mei, 1982.

Najua mtauliza, msiba wa Waingereza unatuhusu nini sisi wafuga ng'ombe? Mwimbaji wao, Freddie Mercury, ambaye wazazi wake Waparsi walimwita Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, baba yake akiwa mshika fedha wa mahakama ya serikali; akapelekwa kusoma Bara Hindi, akarejea, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ikahamia Uingereza. Basi aliyekosea ni mtu wetu, na mtu wetu akikosea baraza hukaa.

Na iwapo yuko mwenye kunena kwamba Queen hawakuwa watu wa chuma, aambiwe kuwa wimbo wao wa mwaka 1974, Stone Cold Crazy, ulipoimbwa upya na Metallica, mabingwa wa chuma wasioshukiwa, uliwapatia tuzo ya Grammy ya fani hiyo hiyo mwaka 1991. Mwenye kubisha akabishane na Marekani. Mimi nina mbuzi wa kufunga.

Litafakarini gitaa la Brian May. Hakulinunua. Yeye na baba yake walilichonga nyumbani kwa mikono yao, shingo yake wakiitoa katika ubao mkongwe wa meko ya kuotea moto, na springi wakizitoa katika pikipiki. Naye hulipiga kwa sarafu ya peni sita. Mzee wetu wa ritungu, aliyeketi pale akijifanya amesinzia, atakiri kwamba hiyo ndiyo adabu ya ala: mtu aukwangue mzinga mwenyewe, azikaze nyuzi nane mwenyewe, na ikilia, itikise tumbo kabla ya kufika sikioni. Kwa ghera ya namna hiyo watu wale walijenga ngome yao, hata katika majalada ya santuri zao za awali wakaandika, kwa majivuno ninayoyahusudu, kwamba humo ndani hamna sinthesaiza.

Shetani gani basi aliyewaingia? Aliitwa ushindi. Mwaka 1980 mpiga besi wao, John Deacon, alitunga Another One Bites the Dust, wimbo wa kuchezeka, ukashika nafasi ya 1 Marekani. Nao, mithili ya mkulima aliyevuna gunia la bahati katika shamba la mawe, msimu uliofuata wakauza jembe zuri wakanunua mawe zaidi. Walipokuwa wakiirekodi Hot Space huko Munich wakaikabidhi mashine kazi ya ngoma, vinanda vya umeme vikatanda, na katika Body Language lile gitaa la meko ni kama limeitwa shaurini likafika baraza limekwisha. The Game ya mwaka 1980 ilikuwa ya 1 Uingereza na Marekani. Hot Space ikawa ya 4 Uingereza na ya 22 Marekani. Jina lake lataja joto, lakini nathubutu kusema kwamba chemchemi ya jirani zetu wa Majimoto ina joto zaidi. Nilipoisikiliza mara ya kwanza niliandika katika daftari langu kuwa ni muziki wa maziko, mzito na wa polepole kupita kiasi; hukumu ambayo, kwa insafu, niliirekebisha kidogo baada ya kubadili betri.

Ni kweli, mwishoni mna Under Pressure, waliouimba pamoja na David Bowie. Lakini huo ulikwisha kushika nafasi ya 1 Uingereza tangu mwaka 1981, na kuisifia santuri wimbo huo ni kuisifia harusi chakula alicholeta jirani.

Naona kijana mmoja nyuma ananyoosha mkono. Asema kwamba kaseti inayolia hapa mezani tangu nianze kuhutubu ni hiyo hiyo Hot Space, na kwamba mguu wangu wa kulia haujatulia. Keti, mura. Kaseti ipo kwa ajili ya ithibati. Na mguu, chini ya mti huu pana siafu, na mtu akiumwa na siafu hupiga mguu chini. Kama siafu wa Ringwani wanauma kwa mapigo yaliyo sawasawa, hilo waulizwe mabwana wanyama. Mzee wa ritungu, usicheke. Hebu mtu azime redio. La, ngoja kwanza, huu uishe.