Namna ya Kunenepesha Ubongo Bila Kutoka Endasak, Hanang

Kwanza, tafuta kigoda. Cha jikoni kinatosha. Anayekuuzia mto maalumu wa kufanyia taamuli mwache aendelee na safari yake ya Singida.

Pili, chagua saa. Siku ya mnada achana nayo kabisa. Alfajiri ni nzuri, kabla bodaboda hazijaanza kugombania abiria. Kaa, fumba macho, fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakikimbilia bei ya alizeti, yarudishe bila kuyachapa. Yatakimbia tena, yarudishe tena. Zoezi lote ndilo hilo, na si jepesi.

Tatu, dumu wiki 8. Muda huo umetokana na mafunzo ya taamuli aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979. Mwaka 2011, mtafiti Britta Hölzel na wenzake walipiga picha za MRI za watu 16 kabla na baada ya mafunzo hayo. Watu hao walikuwa wakifanya mazoezi wastani wa dakika 27 kwa siku. Ikaonekana kuwa sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hipokampasi, imeongezeka msongamano. Dunia nzima ikasikia kwamba kukaa kimya kunajenga ubongo.

Hapa ndipo mwongozo unapokuomba uweke chini futi ya fundi cherehani uliyokwisha kujizungushia kichwani. Uliza maswali kwanza. Watu 16 ni wachache mno, hawajazi hata Hiace. Je, waligawanywa kwa kura? Hapana. Hata utafiti wa Sara Lazar wa mwaka 2005, uliokuta gamba la ubongo ni nene zaidi katika baadhi ya sehemu kwa wazoefu 20 wa taamuli kuliko kwa watu 15 wasioifanya, uliwapima mara moja tu. Ukikuta alizeti ya bondeni imestawi kuliko ya mlimani, huwezi kuisifia mbegu kabla hujauliza habari za udongo. Huenda wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaovumilia kukaa kimya.

Nne, iheshimu mashine ya MRI lakini usiiabudu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliweka samaki aina ya salmoni ndani yake, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka atambue hisia zao. Baadhi ya nukta za ubongo wake zikawaka. Samaki alikuwa amekufa. Walitaka kuonyesha kwamba ukipima maelfu ya nukta bila kurekebisha hesabu, bahati nasibu itakupa jibu.

Tano, na hili nalipenda kuliko yote: mfuate mtafiti anayekubali jibu asilolitazamia. Richard Davidson alishiriki kuutangazia ulimwengu, mwaka 2004, mawimbi makubwa ya ubongo ya watawa wa Kitibeti. Mwaka 2022, yeye na Tammi Kral walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 200, wakiwa wamegawanywa kwa kura. Baada ya wiki 8, hawakuona umbo la ubongo likibadilika. Wakaandika hivyo hivyo.

Basi kigoda tukirudishe jikoni? La hasha. Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake walichambua majaribio 47 yenye watu 3,515, wakakuta taamuli inapunguza kiasi wasiwasi, sonona na maumivu. Nafuu hiyo ni ndogo lakini ni ya kweli, na haihitaji ubongo mnene ili imfae mtu.

Sita, usimlazimishe kila mtu. Maporomoko ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliua watu zaidi ya 80 upande wa Katesh na vijiji jirani. Kama ni wewe ulinusurika, na kila ukifumba macho unaona tope linakuja, usiyafumbe. Fumbua, simama, tembea na mtu unayemwamini, kisha nenda naye kituo cha afya ukaeleze hayo unayoyaona.