Shamba Lisilo na Dalali
Eric Barone alitumia zaidi ya miaka minne kutengeneza peke yake Stardew Valley, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2016. Mchezaji anaacha kazi ya ofisini, anarithi shamba la babu yake, na (ajabu!) hakuna baba mdogo anayekimbilia baraza la ardhi. Mbegu za kwanza hukomaa kwa siku 4. Utabiri wa mvua ya kesho haukosei. Mazao unayatia sandukuni jioni, asubuhi fedha imeingia: hakuna lumbesa, wala bei haishuki hata uuze shehena nzima. Utamu wenyewe uko hapo. Si kulima, ni kulipwa. Vijana tunaowaita wavivu wa jembe wanakesha wakimwagilia. Waite Jumamosi wakapalilie mahindi ya mama, uone migongo inavyouma.